Thrawn: ukaidi ulioanzia kwenye kusokota

Orodha nyingi za maneno ya Uskoti zinafasiri thrawn kuwa mkaidi, basi. Si uongo, ila nusu ya neno imeachwa nje. Maana yake ya asili ni kilichopinda au kupotoka: ubao uliojikunja ulipokauka, mti ulioota kombo, uso uliokunjwa kwa hasira. Ukaidi ulizaliwa humo.

Si neno la Kigaeli, lugha nyingine ya Uskoti, ingawa ni rahisi kudhani hivyo. Kiskoti ni ndugu wa Kiingereza, na thrawn linatokana na kitenzi thraw, ambacho katika Kiingereza cha Kale kilikuwa þrāwan (þ ni th): kuzungusha, kusokota. Kusini a ile ndefu iligeuka o, kaskazini ikabaki a. Ndiyo sababu Waingereza wana snow na blow, Waskoti snaw na blaw. Kwa hiyo thraw na throw ni kitenzi kimoja. Kiingereza kilikihamishia kwenye kurusha, kikabakiza maana ya zamani kwa mafundi: mfinyanzi wa huko bado husemwa ana-throw chungu, ilhali anakizungusha tu kwenye gurudumu.

Kiskoti hakikuisahau kazi ya mikono. Unaweza ku-thraw ufunguo kwenye kitasa au shingo ya kuku. Mashambani kulikuwa na thraw-crook, kifaa chenye ndoano cha kusokotea kamba za mabua. Mmoja hukaa akilisha mabua kidogo kidogo, mwenzake anazungusha ndoano huku akirudi kinyumenyume kadiri kamba inavyorefuka. Mlishaji akizidisha, kamba inatoka na mafundo. Akipunguza mno, inakatika.

Kutoka hapo, mtu aliye thrawn si mtu asiyesikia. Anasikia vizuri sana, kisha anapinda upande wa pili kwa sababu tu umemvuta upande huu. Mkaidi ni pana mno kwake, na jeuri ina ubaya ambao neno hili halina sikuzote. Waskoti wengine hulitamka kwa fahari. Mimi ningesema mbishi, nikiongeza kwamba ubishi wenyewe uko kwenye mfupa.

Mwandishi Mskoti Robert Louis Stevenson alizishika maana hizi pamoja katika hadithi aliyoiita Thrawn Janet, ya mwaka 1881. Janet wake anatembea shingo imepinda upande mmoja kama ya mtu aliyenyongwa. Atakayetafsiri jina hilo kuwa Janet Mkaidi ameipoteza shingo, na hadithi yote imesimama juu ya shingo hiyo.

Mtego mwingine ni heids and thraws. Hapa hakuna ukaidi wala kurusha: ni kulala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni kwa yule, kama watoto waliojazana kitanda kimoja. Hata pini zilizopangwa kwa kupishana vichwa na ncha husemwa hivyo.

Kulitamka si kazi: th ya thamani, kisha a iliyovutwa.