"Mbona amenawiri" sio kipimo jamani

Wiki hii tena. Mama kaingia ofisini kwangu hapa Moshi na binti yake, hata hajakaa vizuri kaanza, "Dokta, huyu anaumwa nini? Si unamuona alivyonawiri, mtori anamaliza bakuli mbili, tena msafi, akimaliza kula tu anaenda kuoga." Nimeisikia hiyo kauli mara nyingi mno, leo naandika.

Nani kawaambia mwenye ugonjwa wa ulaji lazima abaki mifupa? Mwenye bulimia, yaani ule wa kula kupita kiasi halafu kujitapisha, mara nyingi uzito wake ni wa kawaida kabisa au umezidi kidogo. Nilipompa yule binti mkono nikaona sugu kwenye vifundo vya vidole viwili, pale meno ya juu yanapokwaruza kila akijitapisha. Na yale mashavu ambayo nyumbani wanaita kunawiri, ni tezi za mate zimevimba kwa kutapika! Yaani dalili yenyewe ndo inasifiwa ukweni na kanisani. Huko ndani potasiamu inashuka, ikishuka sana mapigo ya moyo yanavurugika na mtu anaweza kufa akiwa amependeza hivyohivyo, ndo maana kabla ya maongezi nilimtuma kipimo cha damu na cha moyo.

Na habari ya kusema huu ni ugonjwa wa wazungu tuiache. Fiji, visiwa vya huko Pasifiki, walipenda miili mikubwa kama sisi, TV ikaingia mkoa mmoja kule mwaka 1995, kufika 1998 wasichana wa shule wameshaanza kujitapisha ili wapungue.

Sasa tiba. Watu wanadhani tutaanza na utoto wake, hapana, tunaanza na chai ya asubuhi. Huyu anashinda njaa kutwa ili ajipunguze, usiku mwili unadai haki yake anafagia sufuria nzima, aibu inamshika, anatapika, halafu anajiapiza kesho hagusi kitu, na kesho ni yaleyale. Mnamwita mlafi wakati kinachomponza ni njaa. Kwa hiyo milo mitatu na vitafunio katikati, asipitishe masaa manne hajala, alafu ndo tunazigusa zile fikra za mwili. Kwa mtu wa uzito wake ni kama vikao 20.

Nisiwadanganye, wapo wengi wanamaliza vikao na dalili bado zipo. Hata lile daftari la kuandika ulichokula linanipa shida, limetungwa kwa mtu mwenye sahani yake, huyu anakula sinia moja na wadogo zake, ataandika tonge ngapi? Tumekubaliana aandike saa tu na alivyojisikia, sina hakika kama inatosha.

Mama nimempa kazi moja, wakimaliza kula wakae pamoja saa nzima, asimhoji, asimchunge kama mwizi. Jana kanipigia, siku ya tatu wanachambua maharage na bomba la bafuni halijafunguliwa.