Mgeni Mwema Si Lazima Awe Bubu: Dhana Potofu za Wanaokwenda Kuishi na Familia Ujerumani

Katika kuwaandaa vijana wa Mtwara na Lindi wanaokwenda kuishi na familia wenyeji Ujerumani, kama opea (kijana anayeishi na familia ya ugenini na kuisaidia kulea watoto na kazi ndogondogo za nyumbani) au kwa kazi za kujitolea, kauli iliyonichosha kuliko zote ni ile ambayo wazazi huwapa siku ya kuaga: “Mwanangu, ukifika huko kaa kimya, ule unachopewa, usije ukatutia aibu.”

Nia ya mzazi ni njema, lakini wasia huo huwaumiza vijana kuliko baridi. Kwetu, mgeni akisema ameshiba anajua kwamba atabembelezwa mara mbili tatu kabla ya sahani kuondolewa; Ujerumani jibu lake huchukuliwa kama lilivyo, sufuria ikarudishwa jikoni, naye akalala na njaa ilhali mwenyeji anaamini kuwa ameheshimu matakwa yake. Akinyamazia linalomkera, wenyeji hawaoni adabu katika kimya hicho, bali huanza kushuku kuwa amenuna, anaumwa au ana jambo analoficha.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba, kabla hata ya kushughulikia viza, kijana aiandikie familia barua ya ukurasa mmoja, akieleza asichokula, nyakati zake za swala au ibada, maradhi aliyo nayo, na kama anaogopa mbwa, kwa kuwa huko mbwa wengi hufugwa ndani ya nyumba na wengine hulala sebuleni. Muislamu asitosheke na kusema kwamba hali nguruwe; ataje pia jelatini, ambayo hutiwa katika peremende nyingi za watoto na mara nyingi hutokana na nguruwe. Aulize vilevile taka zinatenganishwaje, nani huosha vyombo siku gani, na kama anaruhusiwa kualika rafiki. Huko maswali hayo huchukuliwa kuwa dalili ya mtu makini, na anayeyauliza mapema huepushwa na ugomvi mwingi.

Wapo wanaoamini kwamba opea ni mtumishi wa ndani, hivyo afanye lolote atakaloambiwa. Si kweli: kanuni za Ujerumani zinaweka kikomo cha kazi cha saa 6 kwa siku na saa 30 kwa wiki, pamoja na chumba chake mwenyewe na likizo ya wiki 4 kwa mwaka mzima. Anayezidishiwa kazi ana haki ya kusema, na hapo ndipo ule wasia wa kukaa kimya unapogeuka kuwa hatari.

Wapo pia wanaosema kwamba lugha utaikuta hukohuko; hapana. Opea hutakiwa kuwa na Kijerumani cha kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa, tangu anapoomba viza.

Wengine husema korosho ni zawadi isiyo na kasoro. Korosho zetu ni nzuri, nami hupenda kuona zikibebwa, lakini ni miongoni mwa vyakula vinavyoweza kusababisha mzio mkali, hasa kwa watoto. Uliza kwanza; ikiwa ndani ya nyumba hiyo yumo mwenye mzio, peleka kitenge.