Kabla ya kuzidisha kwa 1.6: hiyo ni maili gani?

Ukikuta neno maili kwenye mkataba wa zamani, ramani ya bahari au kitabu cha fikihi, usikimbilie kikokotoo. Ile 1.6 ya kugeuza maili kuwa kilomita, tunayoijua wote, ni ya maili moja tu kati ya nyingi zilizobeba jina hilo, nayo ni ya Kiingereza, ya nchi kavu.

Asili ya neno ni hesabu. Warumi walisema mille passus, yaani passus elfu moja. Passus moja ilihesabiwa pale mguu uleule unaporudi kukanyaga, kwa hiyo ni hatua zetu mbili, sawa na futi tano za Kirumi. Futi yao ilikuwa kama sentimita 29.6, hivyo maili ya Kirumi ni futi 5,000, takriban mita 1,480. Baadaye "elfu" ikabaki peke yake kuwa jina la umbali, ikaingia Kiarabu kama mil na Kiingereza kama mile, ambako sisi tuliichukua.

Sasa, ile 5,280 ya Waingereza ilitoka wapi? Shambani. Walikuwa na kipimo kinachoitwa falongi, urefu wa mfuo mmoja wa plau, futi 660, na mashamba yalikuwa yamekwisha kupimwa kwa falongi. Maili ya futi 5,000 haikugawika sawasawa kwa falongi hizo. Kuifupisha falongi kungevuruga mipaka ya watu, ila kuirefusha maili hakukumnyang'anya mtu shamba. Mwaka 1593, sheria ya Bunge chini ya Malkia Elizabeth I iliyozuia ujenzi mpya karibu na London ilieleza maili kuwa falongi 8. Mara 660, unapata 5,280. Tangu mwaka 1959 yadi ni mita 0.9144 kamili, na maili ikawa mita 1,609.344. Tarakimu hiyo ndiyo ya kutumia kwa gari lililotoka Uingereza: mita ya dashibodi ikisoma maili 60,000, gari limekwenda kilomita 96,560, wala si 60,000 kama baadhi ya wauzaji wanavyopenda ieleweke.

Maili ya baharini haina undugu na falongi. Hiyo ni dakika moja ya latitudo, sehemu moja ya 60 ya digrii. Dunia si mviringo kamili, kwa hiyo dakika hiyo ni kama mita 1,843 kwenye ikweta na 1,862 kwenye ncha. Mkutano wa kimataifa wa Monaco wa mwaka 1929 ukachagua mita 1,852 na kumaliza ubishi, ingawa Uingereza iliendelea na futi zake 6,080 hadi mwaka 1970. Noti (knot), kipimo cha kasi ya vyombo vya baharini, ni maili hiyo moja kwa saa. Jina limetokana na mafundo ya kamba iliyotupwa nyuma ya jahazi: kwa shisha ya mchanga ya sekunde 28, mafundo yaliachana futi 47 na inchi 3, na idadi ya mafundo yaliyopita mkononi ndiyo kasi.

Kwenye ramani ya bahari, fungua bikari, kisha soma umbali kwenye kipimo cha ubavuni, usawa wa mahali ulipo. Usisome kile cha juu au chini, kwa sababu dakika ya longitudo hufupika kadiri unavyoiacha ikweta. Mombasa, digrii 4 kusini, tofauti haifiki asilimia 1, na hapo ndipo mazoea mabaya huzaliwa bila mtu kujua. Nenda na mazoea hayo hadi digrii 60 kaskazini: maili 10 utazisoma kuwa 20.

Maili ya Kiarabu ndiyo iliyoleta balaa kubwa kuliko zote. Katika karne ya 9, wanafalaki wa Khalifa al-Ma'mun walipima digrii moja ya dunia, na al-Farghani akaandika maili 56 na theluthi mbili. Columbus aliisoma tarakimu hiyo kana kwamba ni maili fupi za Kirumi. Digrii ikawa kama kilomita 84 badala ya 111, dunia ikapungua robo nzima, na Asia ikaonekana karibu kwa mtu anayevuka Atlantiki.

Suala hilohilo limo kwenye swala ya safari. Umbali unaoruhusu kupunguza swala, vitabu vya Kishafi vinautaja kuwa marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili, maili 48 za Kihashimi. Ukizidisha kwa 1.609 unapata kilomita 77, lakini hapo umetumia maili ya Elizabeth. Maili ya Kiarabu hupimwa kwa dhiraa, na vitabu havikubaliani ni 4,000 au 6,000, wala dhiraa zenyewe hazina urefu mmoja. Ndiyo sababu utakuta wengine wakitaja 80 na kitu, wengine karibu 90. Hukumu ni ya masheikh, lakini angalau muulize sheikh wako tarakimu yake imetoka kwenye maili ipi.

Mwambao nao una mkanganyiko wake. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wa maili kumi. Leo utasoma kilomita 16 kwa huyu na 18.5 kwa yule. Wote wamezidisha vizuri. Mmoja ameshika maili ya nchi kavu, mwingine ya bahari, na kati yao kuna karibu kilomita mbili na nusu za ardhi.

Uganda maili imekuwa aina ya umiliki. Ardhi ya mailo inatokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, uliogawa ardhi kwa maili za mraba, zikiwemo 350 za Kabaka, mfalme wa Buganda. Hapa 1.6 haifanyi kazi kabisa, kwa sababu pande zote mbili za mraba zinabadilishwa: maili moja ya mraba ni kilomita za mraba 2.59, au ekari 640. Maili 350 za mraba ni kilomita za mraba 906. Ukizidisha kwa 1.6 unabaki na 560, na umeikata ardhi ya Kabaka zaidi ya theluthi kwa kalamu tu.