Ngao ya Taifa na Muhuri wa Umma: Historia na Maana ya Alama za Dola Yetu

Ngao ya Taifa huonekana na wakazi wa Mombasa kila siku, lakini ni wachache wanaoitazama. Imo kwenye kitambulisho na pasipoti, imo juu ya barua za serikali, hutundikwa nyuma ya kiti cha hakimu mahakamani, na imo upande mmoja wa sarafu ambazo abiria wa matatu humpa makanga. Makala haya yanaeleza picha hiyo ilitoka wapi, vitu vilivyomo vinasimamia nini, na inatofautianaje na Muhuri wa Umma, kwa sababu viwili hivi huchanganywa mara nyingi.

Kifungu cha 9 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinataja alama nne za taifa: bendera, wimbo wa taifa, ngao ya taifa na muhuri wa umma. Zote zimewekwa katika Jedwali la Pili la Katiba hiyo, kwa hiyo yeyote anayetaka kujua sura yake halisi aanzie hapo. Ngao ni picha inayoitambulisha dola. Muhuri ni chombo cha kuthibitishia hati: unapogongwa, msomaji anajua kwamba hati imetolewa na Jamhuri yenyewe, si na mtu binafsi ambaye leo yumo ofisini na kesho hayumo. Ngao huweza kuchorwa ukutani mwa shule ili watoto waijue. Muhuri hauchorwi, na haugongwi ila na yule aliyekabidhiwa kwa mujibu wa sheria.

Pwani ilikuwa na alama za mamlaka karne nyingi kabla ya ngao hii. Katika miji ya Waswahili alama kubwa ilikuwa ya kusikilizwa: siwa, baragumu lililopulizwa katika sherehe kuu za mji, na kuwa nayo kulikuwa sehemu ya kuwa mwenye mji. Siwa ya Pate ilichongwa kwa pembe ya ndovu, ya Lamu ikasubiwa kwa shaba, na mtu akifika Makumbusho ya Lamu atayaona mapambo yake kwa macho yake. Wareno walipoijenga Fort Jesus kuanzia mwaka 1593 walikuja na desturi nyingine, ile ya kuandika mamlaka juu ya jiwe. Juu ya lango kuu la ngome bado yapo maandishi ya mwaka 1639 yanayomsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuikarabati ngome hiyo, na humo humo yanajivunia kwamba aliwatoza kodi wafalme wa pwani na kuwaadhibu watu wa Pate na Siyu. Wageni wengi hupita chini ya jiwe hilo bila kujua kwamba linawasema babu zetu.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ambayo kituo chake kikuu kilikuwa hapa Mombasa, ilitoa sarafu zenye jina la mji huu. Rupia yake ilikuwa na jua lililovikwa taji, pamoja na maneno ya Kiingereza yenye maana ya nuru na uhuru, na upande wa pili ikawa na mizani. Jua na taji hilo vilichapwa tena kwenye stempu za kampuni za mwaka 1890. Inafaa tuseme waziwazi kwamba uhuru uliotajwa pale haukuwa wa wenye nchi. Ilikuwa ni kampuni ya biashara iliyopewa hati na Malkia wa Uingereza. Kampuni ilishindwa kujiendesha, na mwaka 1895 Uingereza ikatangaza kwamba nchi hii iko chini ya ulinzi wake rasmi, makao ya utawala yakiwa Mombasa hadi yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1905.

Kuanzia hapo wakazi wa pwani waliishi chini ya alama mbili kwa wakati mmoja. Ukanda wa maili kumi ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar ingawa ulitawaliwa na Mwingereza, na kwa hiyo bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Fort Jesus miaka yote hiyo. Mwaka 1920 bara ikaitwa Koloni la Kenya na ukanda wa pwani ukaitwa Ulinzi wa Kenya, na alama iliyotumiwa na serikali ya kikoloni ilikuwa simba mwekundu aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Bendera ya Sultani haikuteremshwa ila baada ya mapatano ya tarehe 8 Oktoba 1963, ambayo kwayo ukanda huo uliunganishwa na Kenya, miezi miwili tu kabla ya uhuru wa tarehe 12 Desemba. Kwa mtu wa Mombasa, basi, ngao ya mwaka 1963 ilichukua nafasi ya alama mbili, ya Malkia na ya Sultani.

Ngao hiyo iliundwa kwa kanuni za kale za Ulaya za kutunga nembo, zinazotaka kuwe na ngao katikati, wanyama wawili wa kuishikilia, mahali pa kusimama na utepe wa kaulimbiu. Umbo ni la kigeni. Vilivyojazwa ndani yake ni vya hapa. Tena iliidhinishwa wakati ambapo nchi ilikuwa bado haijawa jamhuri, kwani kwa mwaka mzima baada ya uhuru mkuu wa dola alikuwa Malkia Elizabeth II, akiwakilishwa na Gavana Jenerali. Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, ngao ilibaki vilevile.

Tuitazame sasa kwa karibu. Sehemu ya juu ya ngao ni nyeusi, ya kati nyekundu, ya chini kijani, na baina yake imepita mistari myembamba myeupe. Nyeusi ni watu wa Kenya, nyekundu ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru, kijani ni ardhi na mali yake, nyeupe ni amani. Katika sehemu nyekundu amesimama jogoo mweupe aliyeshika shoka kwa mguu wa kulia. Jogoo huyu ndiye anayezua mjadala zaidi kuliko vyote, kwa sababu alikuwa alama ya chama cha KANU, kilichoanzishwa mwaka 1960 na kushinda uchaguzi wa Mei 1963. Maelezo yanayotolewa rasmi ni kwamba jogoo anawika alfajiri, na hivyo anaashiria mwanzo wa maisha mapya. Maelezo hayo yana uzito, lakini historia ya chama haifutiki, na mwalimu anayewafundisha watoto la kwanza akaliacha la pili anawapa nusu ya habari. KANU iliondoka madarakani mwaka 2002, na Katiba ya 2010 ikamwacha jogoo mahali pake. Kwa maoni yangu, kitendo hicho cha pili kina maana kubwa: alama iliyoanza kuwa ya chama imekuwa ya wananchi wote kwa kura ya maoni waliyopiga wenyewe.

Simba wawili wa rangi ya dhahabu wanaishikilia ngao, kila mmoja ameshika mkuki kwa mguu ulio upande wa ngao, na mipini ya mikuki hiyo inapishana nyuma yake. Ngao na mikuki husimamia umoja na ulinzi wa uhuru.

Chini ya simba kuna Mlima Kenya, na juu ya mlima huo yamepangwa mazao: kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi. Hapa ndipo mtu wa pwani huuliza, na ana haki ya kuuliza: mnazi uko wapi, korosho, samaki, jahazi? Havimo. Waliochagua walitazama mazao yaliyoiletea serikali fedha za kigeni au kuwalisha watu wengi wakati ule. Pareto, kwa mfano, maua ya kutengenezea dawa ya kuua wadudu ambayo leo vijana wengi hawajapata kuyaona, iliiweka Kenya mbele ya nchi nyingine zote duniani katika miaka hiyo. Pamoja na hayo, pwani haikosekani kabisa. Mkonge ulilimwa na bado unalimwa Vipingo, na kahawa, chai na pareto za mlimani hazikuwa na njia kubwa ya kwenda ng'ambo isipokuwa Kilindini, ambako wachukuzi wa mji huu walizipakia melini gunia kwa gunia. Naona ni pengo kwamba bahari haikuchorwa, na sioni ubaya wowote kulitaja pengo hilo darasani.

Kaulimbiu iliyo chini kabisa ni Harambee, wito wa watu wanaovuta au kuinua mzigo kwa pamoja, ambao Jomo Kenyatta aliufanya kuwa wito wa taifa siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni 1963. Ndilo neno pekee lililoandikwa kwenye ngao, nalo ni la Kiswahili, ilhali Kiswahili kilisubiri hadi Katiba ya 2010 ndipo kikatambuliwa kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Wachoraji wa kuta za shule na ofisi, ambao kazi yao tunaithamini, huikosea ngao hii mara kwa mara. Wengine huisahau mistari myeupe, na rangi tatu zikagusana. Wengine humpa jogoo shoka katika mguu wa kushoto, au huweka kijani juu na nyeusi chini. Njia rahisi ya kujisahihisha ni kuchukua sarafu na kuangalia umbo lake, kisha kufuata rangi za bendera kuanzia juu kwenda chini. Sarafu za Kenya zimekuwa na ngao tangu zilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1966. Zile zilizozinduliwa Desemba 2018 ziliondoa picha za marais na kuweka wanyama, kwa kuwa Kifungu cha 231 cha Katiba hakiruhusu sura ya mtu yeyote kwenye pesa. Lakini ngao haikuondolewa.

Sheria ya Bendera ya Taifa, Nembo na Majina, Sura ya 99, inakataza kuitumia ngao katika biashara au taaluma bila idhini ya maandishi, na inakataza pia kuidharau. Katazo hilo linamlinda mwananchi wa kawaida kuliko anavyodhani. Hapa Mombasa wapo matapeli wanaotembeza barua za ajira ya bandarini au za kugawiwa viwanja, zikiwa na ngao iliyochapwa vizuri kwa rangi zote, na mtu maskini akatoa akiba yake kwa kuiamini picha. Ngao iliyo juu ya karatasi, peke yake, haithibitishi chochote, kwani kompyuta yoyote huweza kuichapa. Hati ya kweli ina ofisi iliyoitoa, nambari ya kumbukumbu katika majalada ya ofisi hiyo, sahihi ya afisa anayejulikana, na pale sheria inapotaka, muhuri. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, ipeleke barua kwenye ofisi iliyotajwa juu yake, wala usimpigie simu mtu aliyekuletea. Na ofisi ikiikana, barua hiyo ipelekwe kituo cha polisi ikiwa nzima, pamoja na bahasha yake.

Kaunti nazo zina alama zao. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti itunge sheria ya kuweka bendera, nembo na muhuri wake, na inaagiza visifanane na alama za taifa. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kongowea anayepewa leseni ya kaunti atazame muhuri wa kaunti, na anayeshughulikia pasipoti au cheti cha kuzaliwa atazame alama za serikali ya kitaifa. Karatasi inayochanganya ya huku na ya kule bila mpango ikaguliwe vizuri kabla ya kulipiwa.