Fitingi ya sensa ya tanuri haishikilii tu

Katika karakana za Nairobi, kuanzia Industrial Area hadi Kariobangi, utasikia kwamba fitingi ya sensa ya joto (kiungo kinachoifunga sensa kwenye ukuta wa tanuri) ni ya kushikilia tu: mradi ncha imeingia ndani ya tanuri, kipimo ni sahihi. Inaeleweka, maana namba hutokea kwenye kioo hata sensa ikifungwa vibaya.

Lakini sensa husoma joto la ncha yake yenyewe. Ala ya chuma, yaani bomba jembamba linaloifunika sensa, huvujisha joto kuelekea ukutani na nje, basi ncha iliyoingia kidogo husoma chini ya joto halisi. Mafundi wa vipimo huanzia mara 10 ya kipenyo cha ala: ala ya milimita 12 iingie walau milimita 120 kupita uso wa ndani wa ukuta. Mwanya usiozibwa kando ya fitingi nao unaweza kuingiza hewa baridi.

Jipimie mwenyewe. Joto la tanuri lisilo na shinikizo likishatulia, vaa glavu, legeza flanji inayorekebishika (fitingi bapa inayoruhusu sensa kusogezwa), sukuma sensa kidogo kidogo. Namba ikizidi kupanda, ncha ilikuwa haijaingia vya kutosha. Lakini fitingi yenye pete ya chuma inayong'ata ala haisogei tena ikishakazwa. Kwa fitingi hiyo, pima urefu wa sensa kabla ya kukaza, tanuri likiwa limepoa.