Homoni za Msongo na Uteja wa Dawa za Kulevya
“Amejitakia mwenyewe,” husemwa upesi mtu anapozama katika dawa za kulevya, kana kwamba kinachomtenga na wengine ni ulegevu wa tabia peke yake. Mwaka 1991, huko Bordeaux, Ufaransa, Pier Vincenzo Piazza na wenzake walionyesha kwamba panya waliokuwa hawavutiwi na amfetamini, dawa ya kulevya inayosisimua ubongo, walipopewa kotikosteroni, homoni ya msongo itokayo kwenye tezi zilizo juu ya figo, walianza kuingiza pua kitunduni, tena na tena, ili wapate dozi. Panya hao hawakugeuka kuwa na tabia legevu. Kilichobadilika ni kiwango cha homoni katika damu yao. Homoni hiyo, ambayo kwa binadamu nafasi yake hushikwa na kotisoli, huweza kuongeza dopamini, kemikali inayochochea hamu, ubongoni, na huenda ndiyo sababu dozi ileile ikawa na mvuto mkubwa zaidi.