Eti watoto hawajui kabila wala tajiri

Watu husema ubaguzi huja ukubwani. Si kweli. Nimekulia Ujiji, mkoani Kigoma, mji ambao zamani wenyeji wa mjini walijiita waungwana, nao wakawaita watu wa vijijini washenzi. Mkoloni naye akaifanya Kigoma chimbuko la manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, na Waha wengi, kabila la huko Kigoma, wakachukuliwa. Masalia ya maneno hayo mtoto huyasikia nyumbani kabla hajaanza shule.

Rafiki yangu alikuwa Muha. Mama yake alianika dagaa wa watu kwa kibarua huko Kibirizi, ufukweni mwa ziwa. Tulikula sahani moja. Siku saa ya baba ilipopotea, shangazi alimtazama yeye tu, naye akageuza mifuko ya kaptula kabla hajaulizwa. Zikaanguka gololi mbili na kipande cha muhogo. Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka minane, na nilijua fika kwa nini sikutazamwa mimi.

Mapenzi yetu yalikuwa ya kweli, ila uaminifu haukutugharimu sawa. Kumtetea kungeniletea kofi tu. Yeye kunifichia makosa yangu lilikuwa sharti la kuingia uani kwetu.

Saa ilionekana jioni, chini ya godoro. Hakuna aliyekwenda kumwomba radhi, hata mimi.